Vumbi, Damu, Kovu: Wajir Iliyomo Vitabuni

Mwaka jana tovuti moja ya utalii iliniomba makala ya maneno 800 yenye kichwa "Mambo Kumi ya Kufanya Wajir". Malipo shilingi 6,000, nusu kwanza, nusu makala ikitoka. Nilikubali hata kabla sijamaliza kusoma ujumbe. Mwandishi wa kujitegemea akiulizwa kama anaijua Wajir husema ndiyo, halafu ndipo anaanza kutafuta nauli.

Nilirudi na daftari limejaa. Namba moja hadi nane ziliandikika kwa jioni moja: chai ya maziwa ya ngamia, nyirinyiri, picha mbele ya klabu ya mashua ambayo haijawahi kuona bahari, soko la mifugo, na kadhalika. Namba kumi nilikuwa nimeshaihifadhia machweo, maana makala za aina hii lazima ziishie kwa machweo. Nikafika namba tisa. Nikaandika: "Tembelea Wagalla." Nikaisoma tena. Juu yake kulikuwa na ngamia wanauzwa, chini yake jua linatua. Nikafunga kompyuta.

Makala ile haikutoka. Hii unayoisoma ni maelezo ya kwa nini nilikwama, kwa sababu sidhani nilikwama peke yangu. Tangu siku ile nimesoma vitabu kadhaa kuhusu Wajir na kaskazini kwa jumla, nimetazama filamu, nimepitia ripoti ya tume. Naona vingi vinakwama mahali pale pale, kila kimoja kwa njia yake.

*

Kwanza nilikotoka. Nimekulia Garissa, kando ya Tana. Mama ana shamba la kukodi ukingoni mwa mto: migomba, miembe michache, nyanya, tikiti maji msimu ukikubali. Mtu anayeijua Garissa kwa taarifa za habari tu hushangaa kusikia kwamba tuna mashamba. Lakini simama darajani asubuhi utaona ukanda wa kijani pande zote mbili za mto, mwembamba, na nyuma yake vichaka vya miba hadi macho yanapoishia. Mafuriko ya 2018 yalibeba pampu yetu ya dizeli na migomba yote ya chini. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasomea jiolojia. Karo yangu ilikuwa ndani ya ile migomba. Niliandika barua ya kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja, na huo mwaka mmoja haujaisha hadi leo.

Sitafuti pole. Nataka tu ujue kwamba nilipopanda basi kwenda Wajir nilikuwa na elimu ya mawe ya miaka miwili na elimu ya maji ya maisha yangu yote, na kwamba hizo mbili ndizo zilizoniharibia makala.

Basi linatoka Garissa kuelekea kaskazini, linapita Modogashe, linapita Habaswein. Ardhi ni tambarare mpaka macho yanachoka kutafuta kitu cha kushika. Hapo utasikia abiria wa kutoka "Kenya", kama watu wa huku wanavyoiita ile nchi iliyo ng'ambo ya daraja, wakisema hakuna kitu. Nami ningesema hivyo, ila nilikumbuka somo moja. Karibu na Habaswein ndiko kiliko kinamasi cha Lorian, ambako mto Ewaso Ng'iro, uliotoka huko juu kwenye nyanda za baridi, unachoka na kutawanyika. Mwaka wa kawaida haufiki popote pengine, mchanga unaunywa. Lakini kilichonywewa hakijapotea. Chini ya nchi ile kuna hifadhi kubwa ya maji inayoitwa Merti, inayoelekea Dadaab na kuvuka mpaka hadi Somalia. Wakimbizi wa Dadaab wanakunywa kutoka humo. Kwa hiyo pale ambapo abiria mwenzangu aliona hakuna kitu, tulikuwa tunapita juu ya maji.

Na Wajir yenyewe ndiyo zaidi. Mji umekaa juu ya mawe ya chokaa na jasi, na ndiyo sababu nyumba zake za zamani ni nyeupe kiasi cha kuumiza macho saa sita mchana. Katika mawe hayo maji yako karibu sana. Hapa si kuchimba mita mia kama kwingine. Visima vya mjini ni vya kamba na kopo, unainama na unauona uso wako. Watu waliotangulia waliyajua haya zamani mno. Wasomali wa huku husimulia kwamba visima vya Wajir na vya El Wak vilichimbwa na Wamadanle, watu wakubwa kama majitu walioishi hapa kabla ya wote. Jina El Wak lenyewe linatafsiriwa kuwa visima vya Mungu. Sijui jitu alikuwa na urefu gani, lakini aliyekata mwamba ule kwa vifaa vya mkono hakuwa mtu mdogo.

Maji kuwa karibu kuna gharama yake. Wajir huwezi kuchimba choo cha shimo ukalala usingizi, kwa sababu shimo linakutana na kisima. Kwa miaka mingi mji uliishi kwa vyoo vya ndoo, na kipindupindu kimepiga hodi zaidi ya mara moja. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo mwenyeji yeyote atakwambia kuhusu mji wake, kabla ya ngamia, kabla ya vita. Tatizo la Wajir kwa wenyeji ni namna ya kuishi juu ya maji. Ukisoma vitabu utadhani ni namna ya kuishi bila maji.

*

Rafu ya kwanza ya vitabu naiita rafu ya vumbi. Mfano wake mzuri ni kumbukumbu za Charles Chenevix Trench, ofisa wa utawala wa kikoloni aliyefanya kazi kaskazini mwa Kenya. Kitabu chake kilitoka mwaka 1964 na kinaitwa The Desert's Dusty Face. Uso wa jangwa, na uso wenyewe umejaa vumbi. Hakuwa peke yake. Maofisa na wasafiri wa enzi hiyo waliipenda kaskazini kwa namna ya pekee, wakaipenda kwa sababu waliiona tupu: anga, ngamia, mashujaa wenye kiburi, na Mwingereza mmoja katikati na bendera yake. Ile klabu ya mashua ya Wajir, iliyojiita hata ya kifalme, ilitokana na ucheshi huo huo. Kichekesho kinafanya kazi tu ikiwa msikilizaji anaamini kwamba Wajir haina maji. Kijana wa Wajir akisimuliwa hachekeshwi sana, yeye anajua kuna maji mita chache chini ya kaunta ya baa.

Sitaki kuwaonea wazee hawa. Wanaandika vizuri, na wengine walijua lugha na koo kuliko wakuu wa wilaya tuliowapata baada yao. Lakini jiulize ni nani aliyeruhusiwa kuandika. Sheria ya wilaya za pembezoni ya mwaka 1902 iliifunga nchi hii: huingii wala hutoki bila kibali. Sheria ya wilaya maalumu ya mwaka 1934 iliongeza makali, jamii nzima ikaweza kuzuiwa na kuadhibiwa kwa pamoja. Basi kwa nusu karne na zaidi waliofika Wajir na kalamu ni wale waliopewa kibali, na aliyetoa kibali ni yule yule aliyeandika. Upweke wanaousifia kwenye kurasa zao ulitengenezwa ofisini.

Na rafu hii haikufungwa siku bendera iliposhushwa. Mwaka 1965 serikali huru ilitoa Waraka wa Kikao Namba 10, uliosema fedha za maendeleo ziende kule ambako zitazaa haraka, yaani kwenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha. Ni waraka wa uchumi, lakini mimi nausoma kama kitabu kingine cha rafu ya vumbi. Nao unatazama kaskazini na kuona hakuna kitu. Wakati huo vita vya shifta vinaendelea, na neno shifta limeingia katika Kiswahili chetu kwa maana ya mnyang'anyi, likakaa. Shuleni Garissa tulikuwa tunatukanana nalo. Nimesoma riwaya za Kiswahili tangu darasa la sita na sikumbuki hata moja iliyonipeleka Wajir. Ila neno hilo lilinifikia, bila riwaya.

Sasa chukua ile orodha yangu ya mambo kumi. Chai ya ngamia, klabu ya mashua, machweo. Ni Trench mtupu, ila bila kofia na kwa Kiswahili cha intaneti. Nilikuwa nimejiona kijana wa kaskazini anayewaonyesha wageni kwao, kumbe nilikuwa napanga vitabu kwenye rafu ya mzungu.

*

Rafu ya pili ni ya damu. Hii ilijengwa na watu wa Wajir wenyewe na wale waliowasikiliza, tena kwa gharama.

Tarehe 10 Februari 1984 wanajeshi na polisi walianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, kwa maelezo kwamba ni operesheni ya kuwanyang'anya silaha. Wakapelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla, kilomita kumi na tano hivi kutoka mjini. Wakavuliwa nguo na kulazwa juu ya ardhi, jua la Februari likiwa juu yao, siku baada ya siku, bila chakula wala maji. Waliojaribu kukimbia walipigwa risasi. Serikali ilitaja vifo 57. Mwaka 2000 ikataja 380. Wanusurika na familia wanataja maelfu.

Kwa miaka mingi jambo hili liliishi kwa minong'ono. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akitibu kifua kikuu Wajir, alisaidia kuokota miili na majeruhi, na akasaidia habari na picha zitoke nje. Aliishia kufukuzwa nchini. Aliendelea na kazi yake kwa Wasomali hadi alipouawa Borama mwaka 2003. Mwaka 2007 Salah Abdi Sheikh alichapisha Blood on the Runway, kitabu cha mtu wa huku kuhusu mauaji ya huku, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kusema hakuna maandishi. Mwaka 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilianza vikao vyake vya hadhara Garissa, kisha ikaja Wajir. Mwenyekiti wake, Balozi Bethuel Kiplagat, ilibidi akae kando kwa muda, kwa sababu alihusishwa na kikao cha usalama kilichofanyika Wajir siku chache kabla ya mauaji, ingawa yeye alikana kuhusika. Ripoti ikatoka Mei 2013. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaomba msamaha bungeni kwa dhuluma za zamani. Mwaka huo huo Judy Kibinge, aliyekuwa ameshatengeneza Something Necessary kuhusu majeraha ya baada ya uchaguzi, akatoa filamu yake ya Wagalla, Scarred: The Anatomy of a Massacre.

Kama huna muda wa vyote, tazama filamu ya Kibinge. Inafanya jambo ambalo ripoti haiwezi: inamwacha mzee akae mbele yako na uso wake, aseme mwenyewe. Ripoti ya tume ni kubwa na ya lazima, lakini imeandikwa kwa lugha ya kisheria, na lugha hiyo ina tabia ya kumgeuza mtu kuwa shahidi namba fulani.

Lakini nilipovipanga vitabu hivi mezani nikaona kitu kwenye majalada. Vumbi. Damu. Kovu. Hata riwaya ya Yvonne Adhiambo Owuor, ambayo naipenda na ambayo haihusu Wajir bali ukame mwingine wa kaskazini, inaitwa Dust. Ukimpa msomaji wa Mombasa au Mwanza majina haya bila maelezo akuchoree mji, atakuchorea uwanja mkavu wenye maiti. Hatachora kisima. Hatachora wanawake wa sokoni, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, ambao miaka ya mwanzo ya tisini walihakikisha mwanamke wa ukoo wowote anauza na kununua bila kusumbuliwa, wakasukuma wazee mpaka Azimio la Al Fatah likapatikana mwaka 1993. Mji unaanza Februari 1984 na kuishia hapo hapo.

Hapo ndipo nilipokwama kwenye namba tisa. Rafu ya vumbi inanipa namba moja hadi nane, na kumi. Rafu ya damu inanipa tisa. Hakuna kitabu kinachonionyesha zote zikiwa ni mji mmoja.

*

Siku yangu ya pili Wajir nilikwenda visima vya Orahey mapema. Palikuwa na mzee anachota na kumimina kwenye mitungi ya manjano, punda wake amesimama na mkokoteni. Nikamsalimia, nikamwita adeer. Naye akaniita adeer vilevile, kama Wasomali wanavyofanya, mkubwa humrudishia mdogo jina lile lile.

"Wewe ni wa NGO?"

"Hapana, adeer. Mimi ni mwandishi."

"Mwandishi wa Februari?"

Sikuelewa. Akanieleza huku anachota. Waandishi huja Februari, siku za kumbukumbu. Wanakodi gari, wanakwenda Wagalla, wanauliza walikufa wangapi, jioni wanarudi Nairobi. Wewe umekuja mwezi wa nane, akasema, umepotea njia?

Nikamwambia nilisoma mawe kidogo, nataka kujua kuhusu maji. Alicheka, halafu akaanza kunionyesha kwa kidole. Kile cha chai. Kile cha ngamia. Kile cha kufulia tu, ukinywa tumbo linakusema. Kile kilikuwa kitamu zamani, jamaa fulani akaweka pampu, kikawa chumvi. Kati ya kisima na kisima hapakuwa na hatua hamsini. Chuoni tuliambiwa kwamba mahali kama hapa maji matamu hukaa kama utando mwembamba juu ya maji ya chumvi, na ukivuta kwa pupa chumvi hupanda. Tulichorewa mchoro ubaoni. Mzee huyu alikuwa na mchoro huo kichwani, na kwenye kila kisima aliongeza jina la aliyechimba, aliyekarabati, waliogombania na waliopatanishwa. Kisima kimoja akataja Waborana, waliowahi kuwa na nguvu hapa kabla ya kuondoka miaka ya 1930. Ilikuwa historia ya mji, imepangwa kwa ladha.

Akanipa kikombe. Chumvi kidogo, lakini yananyweka.

Nikamuuliza kuhusu 1984, kwa sababu na mimi, Agosti au Februari, ni mwandishi tu. Hakunijibu mara moja. Alifunga mtungi kwa gunzi la plastiki, akapangusa mkono.

"Sisi tulikuwa hapa," akasema. "Maji yalikuwa hapa."

Hakuongeza neno.

Mchana nikachukua bodaboda hadi Wagalla. Hakuna mengi ya kueleza. Ni ardhi wazi, mchanga mweupe, miiba mbali. Nilikaa nusu saa na chupa ya maji ya lita moja, na nilipoondoka ilikuwa tupu, nami nilikuwa nimevaa kofia na nguo na sikuwa nimelala chini. Kijana wa boda alinisubiri chini ya mti pekee uliokuwepo. Kurudi mjini hakukufika hata nusu saa.

Ndipo maneno ya mzee yakanikaa. Wanusurika walisema mbele ya tume kwamba kiu iliwafikisha wengine kunywa mkojo wao wenyewe. Nilikuwa nimesoma hilo mara mbili na kulipita, na najionea haya kusema kwa nini: kwa sababu kichwani mwangu Wajir ilikuwa jangwa, na jangwani watu hufa kwa kiu. Trench alikuwa ameshanitayarisha. Rafu ya vumbi ilikuwa imenisomea rafu ya damu kabla sijaifungua.

Lakini Wajir watu hawafi kwa kiu hivi hivi. Ni mji uliokuwepo kwa sababu ya maji. Waingereza walijenga kituo chao hapa mwaka 1912 kwa sababu ya visima, na koo zimegombana na kupatana kwa sababu ya visima. Aliyewalaza wanaume wale juani kilomita kumi na tano kutoka Orahey alijua visima viko wapi. Askari wenyewe walikuwa wanakunywa kutoka mahali fulani. Kiu ya Wagalla ililetwa na amri, na amri hiyo ililindwa kila asubuhi kwa siku kadhaa. Huwezi kuliona hilo mpaka kwanza ujue kwamba mji ulikuwa na maji. Ndiyo maana nasema vitabu vyetu vya damu, pamoja na ushujaa wake wote, vinamkopesha muuaji kisingizio pale vinapoanza hadithi uwanjani badala ya kisimani. Msomaji wa mbali anamalizia mwenyewe: ah, kule kukavu.

*

Nilimpa rafiki yangu rasimu ya makala hii. Yeye ni wa Wajir, anasomea sheria Nairobi, na ana watu wake kwenye orodha ya Wagalla. Hakupendezwa na nusu yake.

"Unatuambia tuandike visima," akasema, "na bado hatujakubaliana hata idadi ya maiti. Ukiandika maji mazuri ya Wajir, unajua nani atafurahi? Wizara ya utalii."

Ana haki. Mtu ambaye serikali imemwambia kwa miaka thelathini kwamba hakufiwa hana deni la kunieleza ladha ya maji yake. Kitabu cha Sheikh hakikuandikwa kunifundisha jiolojia, kiliandikwa ili watu wasikanushwe. Filamu ya Kibinge nayo ina saa yake moja na zaidi kidogo, na wazee wa kuzungumza walikuwa wanapungua. Kila kazi ina kitu ilichokuja kuokoa. Na kuna kazi za wanahistoria, kama kitabu cha Keren Weitzberg cha 2017, We Do Not Have Borders, zinazowatoa Wasomali wa Kenya kwenye Februari moja na kuwarudisha kwenye karne nzima. Kwa hiyo sisemi hakuna aliyejaribu.

Ninachomjibu rafiki yangu ni hiki: sizungumzii maji mazuri. Nazungumzia maji kama ushahidi. Mwanasheria akitaka kuonyesha kwamba mtu alinyimwa kitu, lazima kwanza aonyeshe kwamba kitu kilikuwepo. Hilo ndilo pengo la waandishi waliobaki, mimi nikiwemo, na halihitaji kibali cha mtu. Linahitaji mwandishi aje mwezi usio Februari na akae na mzee mwenye punda mpaka kisima cha mwisho. Liandikwe kwa Kisomali, liandikwe kwa Kiswahili pia, maana neno shifta lilipita kwa Kiswahili na mengine yanaweza kupita humo humo.

Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi andika. Lakini ile sehemu ya machweo uitoe." Nilikuwa nimeshaitoa.

Na tovuti? Mhariri alikuwa mpole. Alipendekeza namba tisa isomeke "uwanja wa kihistoria", bila maelezo, na picha ya ngamia. Nilimrudishia shilingi zake 3,000 kwa M-Pesa, na wiki hiyo nilikula kwa mama.

Nilikuwa nimembebea chupa ya maji ya Orahey. Alionja, akakunja uso, akaonja tena. Mama hajawahi kufika Wajir. Yeye anaijua kama wengi wa Garissa wanavyoijua, mji wa mbele, kukavu.

"Wanalima kwa haya?"

Nikamwambia niliona bustani ndogo nyuma ya nyumba, matuta machache.

"Maharagwe hayatakubali," akasema. "Spinachi itakubali. Sukuma itavumilia, lakini mmwagilie jioni." Akaweka chupa dirishani, kando ya mbegu zake. Halafu akauliza kisima kina kina gani, na nani alichimba. Nikamweleza.